Karoti ya mtoto inavyoweza kumuua farasi wa watu

Farasi hatapiki. Misuli inayofunga mlango kati ya koo na tumbo lake ina nguvu kiasi kwamba alichokimeza hakirudi tena, hata kama kimeoza, kimechacha au kina sumu. Tumbo lenyewe ni dogo kwa mnyama wa kilo 500. Hubeba lita nane hadi 15 tu, kwa sababu farasi ameumbwa kula kidogo kidogo mchana na usiku, si kushiba kwa mara moja. Kinachozidi hapo hugeuka gesi na maumivu, na wakati mwingine kifo ndani ya saa chache.

Ndiyo maana kwa mfugaji wa farasi nchini Uingereza, mgeni asiyetakiwa si mwizi peke yake. Ni pia baba, mama na watoto wawili waliotoka matembezi ya Jumapili na mfuko wenye karoti, mkate uliobaki na maganda ya viazi. Hawana nia mbaya. Wanaruka uzio, wanapiga picha, wanamlisha mnyama, wanaondoka wakicheka. Daktari wa mifugo anaitwa usiku, wao wakiwa wamelala.

Jambo hili linawahusu wasomaji wa ukurasa huu kuliko linavyoonekana. Wauguzi, wanafunzi na wafanyakazi kutoka Afrika Mashariki wanaishi na watoto wao katika miji midogo ya Uingereza, ambako malisho ya farasi yanaweza kuwa mtaa wa pili tu kutoka nyumbani. Bibi anayekwenda kumwona mjukuu atapelekwa kutembea huko huko. Aliyekulia mahali ambapo kumpa mnyama wa jirani ganda la ndizi ni ukarimu, hatadhani kwamba pale anaweza kuwa mvamizi, na kwamba ganda hilo linaweza kumgharimu mwenye farasi maelfu ya pauni.

Njia inapita katikati ya malisho

Chanzo cha mgongano ni ramani. England na Wales zina njia za umma za miguu na za farasi zenye urefu wa zaidi ya kilomita 200,000, na nyingi zinakatiza ardhi ya watu binafsi. Shamba ni la mtu, lakini ule mstari unaopita ndani yake una haki ya umma. Mwenye shamba haruhusiwi kuuziba, na kwa sheria ya mwaka 1949 ni kosa kuweka kwenye njia hiyo kibao cha uongo cha kuwatisha watu wasipite.

Mpita njia naye ana mipaka yake. Haki aliyonayo ni ya kupita, pamoja na mambo madogo yanayoendana na kupita, kama kusimama kidogo apumzike au aangalie mandhari. Haki hiyo haimruhusu kuzurura uwanja mzima, kumfukuza farasi ili akimbie apigwe picha, wala kumpandisha mtoto mgongoni. Akitoka nje ya njia bila ruhusa, kisheria amevamia. Uskoti ni habari nyingine kabisa. Huko sheria ya mwaka 2003 inampa kila mtu haki ya kutembea karibu popote, mradi atembee kwa kuwajibika, hivyo mfugaji wa Uskoti analazimika kutegemea zaidi ustaarabu wa wapitaji.

Mwaka 2020, watu walipozuiwa majumbani kwa sababu ya korona na kuruhusiwa kutoka kwa sababu chache tu kama kufanya mazoezi, familia nyingi za mjini ziligundua mashamba kwa mara ya kwanza. Zilikuta farasi wenye macho ya upole wakisogea kwenye uzio. Mashirika ya wafugaji, likiwamo British Horse Society, yalitoa wito watu waache kuwalisha. Kanuni za Mashambani, mwongozo wa adabu za kutembea vijijini uliotolewa kwanza mwaka 1951, zilipoandikwa upya mwaka 2021 ziliwekewa agizo la wazi: usilishe mifugo, farasi wala wanyama wa porini. Zinasema pia geti liachwe kama lilivyokutwa. Likikutwa limefungwa lifungwe, likikutwa wazi libaki wazi, kwa maana huenda mkulima ameliacha hivyo ili wanyama wafikie maji.

Karoti ina ubaya gani?

Karoti yenyewe si sumu. Wenye farasi huwapa wanyama wao karoti kila siku, ila wanaikata kwa urefu, vipande vyembamba kama vidole. Mgeni huikata mviringo kama shilingi, au humpa farasi tufaa zima, na kipande cha namna hiyo kinaweza kukwama kooni. Farasi aliyekwama hutoa ute na chakula puani, hunyoosha shingo, hukohoa na kuhangaika. Anaendelea kupumua, kwa kuwa kilichoziba ni njia ya chakula na si ya hewa, lakini chakula kikiteremkia mapafuni huleta nimonia.

Pia mgeni hajui kwamba yeye ni wa kumi na tano kupita siku hiyo. Kila familia inatoa karoti mbili na kudhani ni wao tu. Jioni farasi ameshakula ndoo nzima ya vitu asivyovizoea, na bakteria wa utumbo wake, wanaohitaji siku kadhaa kuzoea chakula kipya, wameshavurugika. Matokeo yake ni msokoto wa tumbo, moja ya sababu kubwa za vifo vya farasi. Dalili zake ni kujigeukia na kuangalia ubavu, kuparua ardhi kwa kwato, kutoka jasho bila kukimbia, kujilaza na kugaagaa. Wengine hupona kwa dawa na kutembezwa. Wengine hupasuliwa. Wapo ambao daktari hushauri walazwe moja kwa moja ili wasiteseke.

Kibaya kuliko karoti ni majani yaliyokatwa kwa mashine ya bustani. Jirani mwema huona anasaidia, kwa kuwa yeye ana majani na farasi anakula majani, hivyo badala ya kuyatupa anayamwaga juu ya uzio. Majani hayo yamekatwa madogo mno, farasi anayabugia bila kutafuna. Yakiwa kwenye rundo yanapata joto na kuchacha, na uchachu huo unaendelea ndani ya utumbo. Zaidi ya hapo, takataka za bustani huweza kuchanganyika na matawi ya mti uitwao yew, unaopandwa sana Uingereza kwenye ua wa nyumba na makaburi ya kanisa. Sumu yake hushambulia moyo, na farasi anaweza kukutwa amekufa kabla mtu hajaona dalili yoyote.

Halafu kuna farasi walio kwenye mlo maalumu, kama vile binadamu mwenye kisukari. Ugonjwa unaoitwa laminitisi huvimbisha tishu laini zinazoshikilia mfupa wa mguu ndani ya kwato. Mnyama husimama akiwa ameegemea nyuma kama anayekanyaga misumari. Ukizidi, mfupa hulegea na kuzunguka ndani ya kwato, na unaweza kutoboa unyayo. Moja ya vyanzo vikubwa vya ugonjwa huu ni sukari na wanga mwingi, kwa hiyo mwenye farasi humfungia kwenye kipande chenye majani mafupi, au humvalisha mdomoni kikapu kinachomruhusu kung'ata kidogo tu.

Mpita njia haoni matibabu hayo. Anaona farasi aliyefungwa mdomo kwenye uwanja mtupu, anasikitika, anaingia na kumvua kile kikapu, kisha anampa mkate. Wapo pia wanaovua vitambaa vya wavu ambavyo farasi huvalishwa usoni kuzuia nzi, wakidhani mnyama amezibwa macho. Anaona vizuri tu kupitia tundu za wavu, na wafugaji wengine wamechoka kueleza hadi wameandika hivyo kwenye vibao.

Kibao kinachosema kweli

Kibao maarufu kuliko vyote Uingereza ni kile kinachosema wavamizi watashtakiwa. Kwa England na Wales, maneno hayo kwa sehemu kubwa ni vitisho vitupu. Kuingia kwenye shamba la mtu bila ruhusa, peke yake, si jinai huko. Ni kosa la madai kati ya mwenye ardhi na aliyeingia, na polisi kwa kawaida hawatamkamata mtu kwa sababu tu amesimama kwenye majani ya mwenzake. Mkenya anaweza kushangaa, maana sheria ya kwao kuhusu uvamizi wa ardhi inaweza kumfanya mkosaji mtu aliyeingia bila sababu ya msingi. Tanzania iko katikati: kuingia kunakuwa jinai pale mtu anapoingia kwa nia ya kutenda kosa, au ya kumtisha, kumtukana au kumuudhi mwenye mali.

Kwa kuwa vitisho havina meno, mwenye farasi hufanikiwa zaidi na kibao kinachoeleza. Maneno machache kama "Tafadhali usitulishe, tunaweza kufa" humfikia hata mtoto wa darasa la pili, na huyo ndiye atakayemshika baba mkono. Chini yake inawekwa namba ya simu ya kupigwa mtu akiona tatizo. Hiyo namba inageuza sura ya jambo zima, kwa kuwa mpita njia yule yule aliyekuwa mvamizi anakuwa mlinzi asiyelipwa. Ndiye atakayepiga simu akiona geti wazi au mnyama amelala vibaya.

Kibao cha "Farasi mkali" kina mtego wake. Chini ya Sheria ya Wanyama ya mwaka 1971, moja ya mambo yanayoangaliwa mnyama akimjeruhi mtu ni kama mwenye mnyama alijua tabia yake ya hatari. Mtu aliyeandika ubaoni kwamba farasi wake anang'ata atapata shida kumwambia hakimu kwamba hakujua. Kama kweli anang'ata, dawa ni kumhamishia kwenye uwanja usiopitiwa na watu, si kumwacha njiani na kutegemea kibao.

Sheria hiyo hiyo inamkinga mfugaji kwa kiasi: hatalipa kwa aliyeumia akiwa amevamia, ikiwa mnyama hakuwekwa pale kwa ajili ya ulinzi. Lakini ipo sheria nyingine ya mwaka 1984 inayomtaka mwenye eneo achukue tahadhari za kiasi hata kwa mvamizi, pale anapojua kuna hatari na anajua watu wanafika. Kwa mtoto, kiwango cha tahadhari kinachotegemewa huwa kikubwa zaidi. Mfugaji anayejua watoto wa shule hukatiza kila saa tisa na nusu, akakaa kimya, yuko mahali pabaya. Bima ya madhara kwa watu wengine, ambayo huja pamoja na baadhi ya uanachama wa British Horse Society, inanunuliwa kwa sababu kama hiyo.

Usimfukuze kabla hujamuuliza

Mwenye farasi anapowakuta watu ndani ya uwanja wake, hasira huja kwanza, na ni haki yake. Lakini hasira ina hasara moja kubwa ya kitabibu. Watu wakifokewa hukimbia, na wanaondoka na habari ambayo daktari wa mifugo ataihitaji kuliko kitu kingine: wamempa nini, kiasi gani, saa ngapi, na farasi yupi kati ya wote waliopo. Daktari aliyeambiwa "karoti nne nusu saa iliyopita" na yule aliyeambiwa "sijui, nimemkuta hivi" hawaanzii mahali pamoja.

Kwa hiyo salamu inatangulia. Mwenye farasi anajitambulisha, anauliza kwa upole wamewalisha nini, kisha anaeleza kwa sentensi moja kwa nini ni hatari: hawezi kutapika. Watu wengi hawajawahi kusikia hilo, na wakilisikia huona aibu badala ya kubisha. Mtoto akiwepo aelezwe yeye, apewe nafasi ya kumtazama farasi akiwa nje ya uzio. Atakaporudi shuleni atawaambia wenzake, na hakuna kibao kinachosafiri hivyo.

Wapo wasiosikia. Wanaorudi kila wiki, wanaokata waya, wanaopanda farasi usiku, wanaofungulia mbwa. Kwa hao mazungumzo yana kikomo, na mtu asiende kuwakabili peke yake gizani. Anaandika tarehe na saa, anapiga picha akiwa mbali, ananukuu namba ya gari. Polisi wa Uingereza wana namba 101 kwa mambo yasiyo ya dharura, na 999 kwa dharura. Waya ukikatwa au geti likivunjwa, hapo imeshakuwa jinai chini ya sheria ya uharibifu wa mali ya mwaka 1971. Anayemtesa mnyama anaangukia Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2006. Kwa yule anayeingia tu bila kuharibu, barua ya mwanasheria na baadaye zuio la mahakama ndiyo njia iliyobaki. Ni njia ya polepole na ya gharama, na wengi huishia kwenye barua.

Mara nyingine mvamizi ni farasi mwenyewe. Kuna watu hufungulia farasi wao usiku kwenye malisho ya mwingine ili wale bure. Sheria ya mwaka 2015 ya England inampa mwenye ardhi ruhusa ya kumshikilia mnyama huyo, lakini lazima awataarifu polisi ndani ya saa 24, amtunze, na asubiri saa 96 kabla ya kumuuza au kumpa mtu. Tangu Oktoba 2020 kila farasi, punda na nyumbu England anatakiwa kuwa na chipu chini ya ngozi, hivyo kujua mwenyewe ni nani si kazi ngumu kama zamani.

Uzio unazuia pande mbili

Usiku mmoja wa mwaka 1996, huko Devon kusini magharibi mwa England, farasi watatu waliogopeshwa na kitu ambacho hakikujulikana kamwe. Waliangusha uzio wa umeme na ule wa mbao nyuma yake, wakakimbia hadi barabara kubwa yenye magari. Gari moja likamgonga mmoja wao na dereva akaumia vibaya. Kesi ilikwenda hadi House of Lords, iliyokuwa mahakama ya juu kabisa wakati huo. Mwaka 2003 majaji watatu dhidi ya wawili waliamua kwamba wenye farasi walipe, ingawa hawakufanya uzembe wowote. Uzio wao ulikuwa mzuri. Walilipa kwa sababu farasi aliyeshikwa na hofu hufanya hivyo, na wao walijua farasi wakoje.

Tangu hukumu ile, geti lililoachwa wazi na mtu asiyejulikana si jambo dogo kwa mfugaji yeyote aliye karibu na barabara. Anayejali hufunga kufuli pande zote mbili za geti, kwenye komeo na kwenye bawaba, na bawaba ya juu huipindua ielekee chini ili geti lisiweze kunyanyuliwa likatoka. Geti la njia ya umma halifungwi kufuli. Hapo hutumika geti dogo la watu linalojifunga lenyewe.

Njia bora ni kuwatenganisha kabisa. Ukanda wa njia unazungushiwa uzio wake ndani ya shamba, watu wapite katikati kama kwenye korido na upana wa njia ubaki vilevile. Upande wa barabara, uzio wa pili wa utepe wa umeme unawekwa mita mbili ndani ya ule wa kwanza, na vibao vya njano vya tahadhari. Mkono wenye karoti haufiki tena. Anayekosa fedha za uzio wa pili anaweza angalau kuhamisha maji na majani makavu hadi kona ya mbali, kwa kuwa farasi hushinda palipo na chakula. Waya wa miba haufai. Humchana farasi aliyetaharuki kabla haujamzuia mvamizi.

Mtoto akipigwa teke

Farasi ana macho pembeni mwa kichwa na huona karibu duara zima. Pasipoonekana ni nyuma kabisa ya mkia na mbele kidogo chini ya pua, yaani pale pale ambapo mtoto hupenda kusimama. Akishtuliwa kutoka nyuma hapigi hesabu, anapiga teke. Farasi kadhaa wakigombea kipande kimoja cha mkate hupigana wao kwa wao, na aliyeshika mkate yuko katikati. Isitoshe, farasi aliyezoeshwa kulishwa na wageni hujifunza kutafuta mifukoni, na asipopata anang'ata.

Mtoto aliyepigwa teke la tumbo anaweza kusimama, kulia kidogo na kusema amepona, bila hata alama kwenye ngozi. Hapo ndipo wazazi hukosea kwa kumrudisha nyumbani. Nguvu ya teke huingia ndani, na bandama au ini linaweza kuvuja damu taratibu kwa saa kadhaa. Kila teke la tumbo au kifua liangaliwe hospitali siku hiyo hiyo. Mtoto akibadilika rangi, akapumua haraka, akalegea, au tumbo likawa gumu, ni dharura. Teke la kichwa ni hivyo hivyo: akitapika, akisinzia isivyo kawaida, akichanganyikiwa, akipata degedege au akitokwa na maji puani au masikioni, iitwe ambulansi. Asilazwe usingizi kwanza "tuone kesho".

Jeraha la meno ya farasi huwa la kuponda. Ngozi inaweza kuwa na mchubuko tu huku nyama ya ndani imesagika, au kidole kimevunjika. Lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka, kisha mtoto apelekwe akaangaliwe, na kadi yake ya chanjo ibebwe. Sababu ni pepopunda. Jina lenyewe lina punda ndani yake, na si bure, kwani bakteria wake huishi udongoni na kwenye mavi ya wanyama, wakiwamo farasi na punda. Huku nyumbani mtoto hupata kinga yake kwenye chanjo ya wiki ya sita, ya kumi na ya 14, lakini kinga hiyo hupungua na huhitaji kuongezwa. Farasi naye huugua pepopunda kwa urahisi sana, hivyo mfugaji makini humchanja yeye pia.

Punda wa nyumbani ana tumbo lile lile

Yote yanayosemwa kuhusu tumbo la farasi ni kweli kwa punda wa Lamu, wa Dodoma au wa Narok. Hatapiki. Anaweza kupata msokoto na laminitisi. Anayemwaga mabaki ya ugali, pumba zilizoota ukungu au maganda ya jikoni mbele ya punda wa jirani anaweza kumharibia mtu chombo chake cha kubebea maji na mkate wa watoto wake.

Mvamizi wa punda huku kwetu, hata hivyo, amekuwa mbaya zaidi ya yule wa karoti. Biashara ya ngozi za punda, zinazochemshwa kutengeneza dawa ya asili nchini China, ilileta wizi wa usiku kwenye maboma. Kenya ilipiga marufuku uchinjaji huo mwaka 2020, mahakama ikatengua marufuku hiyo mwaka uliofuata, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika wakakubaliana kuuzuia barani kote. Familia iliyoibiwa punda mmoja inarudi kubeba maji kichwani, na kwa kawaida kichwa hicho ni cha mama au cha binti anayetakiwa kuwa shuleni. Kwa mvamizi wa namna hiyo salamu haisaidii. Husaidia kulaza punda pamoja karibu na nyumba, kuwatia alama na kukubaliana na majirani kupokezana zamu.

Kuna tofauti moja ambayo mzazi aliyerudi likizo kutoka Uingereza asiisahau. Kule hakuna kichaa cha mbwa kwa wanyama wa nchi kavu ukiacha popo, kwa hiyo daktari wa kule haanzi na swali hilo mtoto aking'atwa na farasi. Huku kipo, na punda au farasi aliyeng'atwa na mbwa mwenye kichaa anaweza kumwambukiza binadamu. Mtoto aliyeng'atwa na punda au farasi Tanzania au Kenya aoshwe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo ili mhudumu aamue kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa na ya pepopunda, bila kusubiri kuona kama mnyama ataugua.